Kichupa cha Pua: Dawa Inapogeuka Maradhi



Himidi zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika darsa ya akina mama baada ya alasiri, tuliletewa suali limeandikwa juu ya kikaratasi: je, dawa ya kupuliza puani huharibu saumu? Suali hili si geni kwetu, hivyo hatukukawia kulijibu. Tulieleza kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, chenye kuingia ndani ya mwili kwa kupitia tundu lililo wazi hubatilisha saumu, na pua ni mojawapo ya matundu hayo. Tukaongeza kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilichukua kauli ya kwamba matone na dawa ya kupuliza puani haziharibu saumu, maadamu mfungaji hamezi kinachoteremka kooni. Kwa hivyo, awezaye na aitumie usiku, baada ya futari na wakati wa daku. Asiyeweza ana kauli ya kuitegemea, na ateme kinachofika kooni.

Tukadhani tumetimiza wajibu. Ndipo mama mmoja muuguzi, aliyeketi nyuma, akaomba ruhusa: "Shekhe, samahani. Huyu dada yetu aitumia dawa hiyo tangu lini?"

Kukawa kimya. Kisha sauti ikatoka safu ya mbele: "Tangu Mfungo Sita."

Nasi tulikuwa katika Shaaban. Miezi mitano! Dawa ambayo kikaratasi chake chaonya isipindukie siku chache, yeye aliitia asubuhi, adhuhuri, na mara mbili tatu usiku. Alitusimulia kuwa hulala kichupa ki chini ya mto. Siku moja kilimwishia saa tano za usiku, akamtoa mwanawe nje akatafute duka la dawa lililo wazi. Alikuwa akinuia kuacha kufunga, kwa kuamini kwamba maradhi yake hayana mwisho. Na mwanawe mchanga alipopatwa na mafua, alimtia tone moja la dawa ile ile.

Tulijifunza siku ile kuwa suali la fiqhi laweza kuficha suali kubwa kuliko lenyewe. Tulilolipata kwa muuguzi yule, na kwa tabibu tuliyemwendea baadaye, tumeona tuwafikishie.

Ndani ya pua mna nyama laini yenye mishipa midogo mingi ya damu. Mtu apatapo mafua, au avutapo vumbi, moshi wa udi na ubani, au kuvu wa nyumba zetu za kale zenye unyevu, mishipa hiyo hujaa damu na nyama ikavimba. Dawa za kufungua pua, kama vile oksimetazolini na zailometazolini, huikaza mishipa hiyo, na kwa dakika chache pua hufunguka. Raha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kuazima. Nguvu ya dawa ikiisha, mishipa hutanuka tena. Na itumikapo siku nyingi mfululizo, mwili huizoea: nyama huvimba kuliko mwanzo, na muda wa nafuu hupungua. Mtu hudhani mafua yamerudi, akapuliza tena. Kumbe mafua yameondoka zamani, na kinachomziba ni kile kichupa chenyewe.

Kwa sababu hii matabibu husisitiza isitumike zaidi ya siku 3 hadi 5. Mwenye shinikizo la damu, mja mzito na mwenye maradhi ya moyo wasiitumie kabla ya kumwuliza daktari.

Ama watoto, hapa hapana mzaha. Mwaka 2012 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa mtoto mdogo akimeza hata mililita 1 au 2 za dawa hizi, aweza kupatwa na usingizi mzito, mapigo ya moyo kupungua na pumzi kuwa nzito. Kichupa na kiwekwe mbali na mikono yao, wala mtoto asitiwe dawa ya mtu mzima. Mtoto mchanga hutosheka na matone ya maji ya chumvi yauzwayo katika duka la dawa. Akishindwa kunyonya au kupumua, na apelekwe hospitali upesi.

Aliyekwisha kuzama asikate tamaa, wala asione haya. Hili si ulevi, wala si dhambi. Ni kutojua tu. Dawa yake ni kuacha. Wako wawezao kuacha kwa mara moja. Wengine huanza na tundu moja: huliacha lile bila dawa hata lifunguke, kisha huacha na la pili. Siku za mwanzo ni nzito, lakini kwa wengi pua hutulia katika wiki moja au mbili, ingawa aliyetumia muda mrefu huenda akangoja zaidi. Kuinua kichwa kwa mito miwili husaidia. Husaidia pia kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Daktari aweza kumwandikia dawa nyingine ya kupuliza, ya kutuliza uvimbe, ambayo hutumika kwa muda mrefu bila ya madhara haya. Vichupa hivi viwili hufanana, basi jina na lisomwe kabla ya kupuliza.

Pua ikiziba upande mmoja tu siku zote, ikitoa damu au usaha wenye harufu, au kukiwa na homa na maumivu ya uso, aendewe daktari. Na aliye na mzio na atafute chanzo chake, kwani kuziba kulikomfikisha kwenye kichupa kutarudi.

Mtume (S.A.W.) alimfunza sahaba Laqit bin Sabira apandishe maji puani kwa ukamilifu anapotawadha, ila awapo amefunga. Pua, basi, ina haki yake katika ibada yetu tangu zamani, na kujitibu ni jambo tulilohimizwa. Lakini mwili ni amana, na dawa ina kipimo chake, kama kila neema.

Dada yetu yule alianza na tundu la kushoto, zikiwa zimesalia siku kumi na tatu kabla ya mwezi kuandama. Usiku wa tatu alilia, mumewe akakesha naye. Ramadhani ilipoingia, alifunga. Nasi tangu siku ile, tuulizwapo kuhusu dawa na saumu, huanza kwa kuuliza: tangu lini?

Wabillahi tawfiq.