Chuma cha kutetemesha gitare: sifa hazimlipi fundi

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya chuma kimoja kidogo na juu ya deni moja. Chuma kilitengenezwa na kijana wetu. Deni lilikuwa letu, sisi watu wa kanisa.

Huku Kasongo kuna kijana ambaye jina lake sitaliandika. Baba yake alikuwa mtu wa kinga, akisukuma chumvi na sabuni kwenda Kabambare na kurudi na mchele. Mtoto akajifunza kutengeneza kinga, kisha pikipiki. Tena alipenda muziki. Gitare yake aliifanya mwenyewe kwa ubao na kopo la mafuta, na nyuzi alizitoa ndani ya waya wa freni. Wengi mmeziona gitare za namna hii. Hata mimi nilianza na moja.

Siku moja, saa ya mazoezi ya korali, alikuja na gitare yenye mkono wa chuma chini ya nyuzi. Alipiga, akausukuma ule mkono, na sauti ikashuka, ikapanda, ikatetemeka. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia akasimama na ufagio mkononi: "Eee! Hii gitare iko inalia kama mutu!"

Nikamuuliza, "Umenunua wapi?"

"Baba Pasta, sikununua. Nilitengeneza miye mwenyewe. Hii ni resori ya kiti ya kinga, na hii ni kipande cha pikipiki."

Tulipiga makofi. Korali ikachukua vyuma viwili, elfu kumi ya faranga kila kimoja. Mkubwa wa korali akasema, "Tutalipa mwisho wa mwezi." Na mimi nikamwekea mkono begani nikasema, "Mungu akubariki, mwanangu."

Mwezi ukaisha, na wa pili, na wa nne. Siku moja nikakutana na mama yake sokoni. Nikamuuliza habari za kijana. Akasema, "Pasta, amekwenda Salamabila kuchimba. Alisema baraka hazinunui mihogo."

Ndugu zangu, nimehubiri mara nyingi juu ya Sheria ya Musa iliyokataza kulaza mshahara wa mtu wa kazi mpaka asubuhi. Siku ile pale sokoni, neno lile lilinihubiri mimi.

Chuma hiki kinafanya nini?

Kila mpiga gitare anajua kwamba uzi ukikazwa sauti inapanda, na ukilegezwa sauti inashuka. Chuma hiki kinashika mwisho wa nyuzi zote. Ukisukuma mkono chini, nyuzi zinalegea pamoja, sauti inashuka. Ukiuachilia, resori inavuta chuma kwenye fasi yake, na sauti inarudi. Ukifanya haraka haraka, sauti inatetemeka.

Watu wengi wanakiita tremolo. Wenye kusoma muziki wanasema jina sawasawa ni vibrato, kwa sababu tremolo ni sauti kuwa kubwa na ndogo, si kupanda na kushuka. Lakini Leo Fender wa Marekani, aliyetoa gitare ya Stratocaster mwaka 1954, alikiita chuma chake tremolo katika hati aliyopewa mwaka 1956, na jina likakaa. Fender mwenyewe hakujua kupiga gitare. Alikuwa fundi wa radio.

Kuitetemesha sauti si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuirudisha. Nyuzi zinakwama juu, pale zinapopita kwenye kizingiti karibu na vichwa vya kukazia. Resori ikiwa dhaifu, chuma hakirudi mpaka fasi yake. Basi wimbo unaanza vizuri na kuisha vibaya, na mpigaji anasema, "Hii kitu ni ya kuchezea watoto."

Wengine walipita njia hii

Kijana asifikiri kwamba shida hii ni ya Maniema peke yake. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, gitare nyingine zilikuwa na chuma alichokibuni mtu anayeitwa Doc Kauffman. Kilitetemesha, lakini kilipotosha nyuzi. Mpiga gitare Merle Travis akampelekea chuma cha namna hiyo Paul Bigsby ili amtengenezee. Bigsby alikuwa fundi wa vyuma aliyekuwa ametumika kwenye pikipiki za mashindano. Alijaribu kukiponya kile cha zamani. Kisha akaona afadhali kutengeneza kipya. Chuma cha Bigsby kikaenea, na mpaka leo jina lake liko juu ya gitare nyingi. Angalieni, vijana: mtu wa pikipiki, kama ndugu yetu!

Baadaye akaja Floyd Rose. Yeye alikuwa mpiga gitare, tena alikuwa na ufundi wa kutengeneza vitu vya mapambo, ndiyo maana alikuwa na vyombo vya kukata chuma kidogo kidogo. Aliona kwamba nyuzi zinateleza, basi akazifunga kwa vise juu na chini. Vya kwanza alivitengeneza kwa mikono, kimoja kimoja. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1979. Watu walipovitaka kuliko nguvu za mikono yake, akapatana na kampuni ya gitare, Kramer, katika miaka ya 1980. Hakuuza kutetemeka, maana watu walikuwa nako tangu zamani. Aliuza kurudi.

Na hapa kwetu Kongo? Kule Kinshasa, kijana wa barabarani Roger Landu alifanya chombo chenye uzi mmoja, kwa kopo na mti uliopindwa. Akiukunja ule mti, uzi unakazwa au unalegea, na sauti inapanda na kushuka. Ni kanuni ile ile. Chombo kinaitwa satonge. Alikipiga pamoja na wanamuziki walemavu wa Staff Benda Bilili. Sahani yao ilitoka mwaka 2009, na filamu juu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, mwaka 2010. Watu walisikia kwanza, kisha wakauliza, "Ni kitu gani kile?"

Tuchukue kalamu

Kijana aliporudi kutusalimia, nilimwomba tuhesabu pamoja. Bei ninazoandika ni mfano tu. Kila mtu aandike za soko lake.

Resori elfu tatu, chuma elfu mbili, vise elfu moja, makaa na kuchomelea elfu mbili. Jumla ni faranga 8.000. Aliuza 10.000, akafurahi kwamba amepata 2.000.

Nikamuuliza, "Ulitumika siku ngapi?"

"Siku mbili kwa chuma kimoja."

"Ungetumika kwa mtu mwingine, angekulipa ngapi kwa siku?"

"Labda elfu tano."

Basi 8.000 na 10.000 ni 18.000. Tena katika vyuma kumi, kimoja kinaharibika, na vile tisa vinapashwa kulipa gharama yake: 2.000 juu ya kila kimoja. Pikipiki ya kupeleka vyuma kumi Salamabila ikiwa 20.000, kila kimoja kinabeba 2.000. Tumefika 22.000. Maana yake, kila mtu aliyenunua kwa 10.000 alipewa zawadi ya 12.000 kutoka jasho la kijana. Na sisi wa korali, ambao hatukulipa, tulipewa yote.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, njo maana feza zilikuwa zinaisha, na miye nilikuwa nafikiri kuna mutu ananiiba."

Nani atanunua kwa 25.000? Labda wachache. Dawa si kujidanganya juu ya bei. Dawa ni kupunguza siku za kazi. Fundi wa nguo hakati kila shati kwa kukisia, ana patroni. Kijana naye akate patroni ya bati, apime mashimo mara moja, akate vyuma kumi pamoja, atoboe kumi pamoja. Akifika siku moja kwa kila chuma, anapunguza elfu tano, na bei ya 20.000 inamwachia kidogo cha kutengeneza vile vitakavyorudishwa.

Kabla ya kwenda sokoni

Nimewauliza mafundi na wachuuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Anza na vilivyovunjika. Gitare nyingi za dukani zinazofika huku zimepoteza mkono wake au resori zake. Mwenye gitare hiyo anajua tayari faida ya chuma, huna haja ya kumfundisha. Gitare za ubao ni kazi ya pili, maana kila moja ina kipimo chake. Pima kwanza nafasi kati ya nyuzi, ndipo ukate.

2. Jaribu mbele ya macho ya mnunuzi. Kaza nyuzi, sukuma mkono mara mia moja, kisha piga tena. Sauti ikiwa imepotoka, usiuze. Lainisha njia za nyuzi kwa tupa ndogo, paka unga wa kalamu ya risasi, angalia resori, rudia.

3. Cha kumi kiwe kama cha kwanza. Mtu wa Kabambare akisikia cha rafiki yake na kukuagiza, anataka kile kile alichosikia.

4. Sauti ifike mbele yako. Simu inaweza kuchukua sauti ya gitare na kuipeleka kwa wakubwa wa korali Kindu au Salamabila kabla ya wewe kulipa pikipiki.

5. Nusu mbele, nusu mkononi. Anayeagiza atoe nusu ya bei, na nusu nyingine siku anapopokea. Andika katika daftari: jina, tarehe, kiasi. Fanya hivyo hata kwa mchungaji. Hasa kwa mchungaji!

6. Usichanganye patenti na hati ya uvumbuzi. Patenti tunayoijua ni karatasi ya mchuuzi mdogo, ya kumruhusu kuuza. Hati ya kulinda uvumbuzi ni kitu kingine. Iko katika sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, juu ya mali ya viwanda. Hati hiyo inatafuta kitu kipya, na chuma cha namna hii kilijulikana kabla babu zetu hawajaona gitare ya umeme. Lakini sheria ile ile inalinda pia alama ya biashara. Basi kijana aanze kupiga alama yake juu ya kila chuma, ili watu wajue ni cha nani. Kazi ikikua, aulize njia ya kuiandikisha alama hiyo.

Wengine wameniuliza: je, auze hata kwa orkestra za baa? Nimejibu: mhunzi akiuza jembe, haulizi shamba litapandwa nini. Auze chuma kizuri kwa bei ya kweli, na asilewe feza zake pale pale.

Kwa nini ninajali chuma hiki

Sisi wa huku tumeona makampuni yakija na kwenda. SOMINKI iliundwa mwaka 1976, na kabla ya miaka ya 1990 kuisha ilikuwa imekwisha. Mgodi wa Namoya ulianza kutoa zahabu kwa biashara mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama. Kila mara tulibaki na mashimo, na vijana wetu ndani yake. Sisemi kuchimba ni aibu. Wengi wenu mnalisha watoto kwa kazi hiyo. Lakini kijana mwenye ufundi mkononi akishuka shimoni kwa sababu korali haikumlipa elfu ishirini, hatuwezi kulaumu makampuni. Sisi tulimtelemsha.

Siku ya Mungu iliyofuata, tulikusanya feza kabla ya mazoezi. Tulimlipa mbele ya korali nzima, si elfu kumi ila bei ya kweli tuliyoihesabu, na mkubwa wa korali akaomba msamaha. Mimi vilevile. Kijana akahesabu feza mara mbili. Sikukasirika; alikuwa na haki ya kuhesabu.

Hajaacha kabisa mashimo. Anakwenda majuma fulani, anarudi majuma fulani kukata vyuma. Juzi alinionyesha patroni yake ya bati na vyuma sita vyenye mashimo sawasawa. Nilitaka kumwambia, "Mungu akubariki." Nikamwuliza kwanza, "Bei ni ngapi?" Akacheka sana. Kisha nikalipa, na ndipo nikambariki.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya vijana

Je, katika korali au kikundi chetu, kuna fundi tunayemdai kazi na yeye anatudai feza? Ni nani atakayemlipa, na siku gani?

Kijana, kazi yako ya mikono inakugharimu ngapi ukihesabu siku zako pia?

Wazazi, mtoto wenu akitengeneza kitu kizuri, neno la kwanza mnalomwambia ni lipi?

Tuonane mwezi ujao.

Mchungaji wenu