Kazi ya Mikono: Ukanda wa Kerezo



Juma hili twajibu swali la mwanafunzi mmoja wa ufundi. Katika karakana yao mna kerezo la zamani la kukerezea chuma, linalozungushwa kwa ukanda bapa wa ngozi. Ukanda huo umechakaa hata umekatika. Wenzake wamempa shauri ang'oe mhimili mkuu wa kerezo, apate kuvika ukanda mpya usio na kiungo. Atuuliza: je, ni vema?

Twamjibu: asifanye haraka. Mhimili ule ndio moyo wa kerezo. Umelala katika beringi zake mbili, na nafasi iliyomo humo yaweza kuwa nyembamba kuliko unywele. Ni kweli, gurudumu la ukanda likiwa katikati ya beringi hizo, ukanda mzima hauwezi kuingia pasipo kuutoa mhimili. Lakini autoaye pasipo ujuzi aweza kuurudisha vibaya, na tangu siku hiyo kazi zake hazitakuwa mviringo kamili. Heri aupitishe ukanda ungali wazi, kisha aunganishe ncha zake papo hapo juu ya mashine.

Kwanza, mwanafunzi asitosheke kuzima mota. Auchomoe waya wake ukutani. Mikono ya shati aikunje. Mnyororo wa medali aliouvaa shingoni auvue na kuuweka mfukoni: Mama Maria hatachukizwa.

Pili, apime. Kabla ya kupima, mota isogezwe karibu na kerezo, kwa maana ngozi mpya hunyooka, na baadaye itabidi kuirudisha mota nyuma ili kukaza. Atazame pia magurudumu yenye ngazi: ukubwa wa ngazi umelinganishwa hata ukanda mmoja wafaa ngazi zote. Azungushe utepe mahali ukanda utakapopita, kisha aongeze sentimeta 8 kwa ajili ya kiungo.

Tatu, aunganishe. Kila ncha aichonge kwa mteremko wa sentimeta hizo 8, ili ncha mbili zikilaliana ziwe na unene ule ule wa ukanda. Upande laini wa ngozi, uliokuwa na manyoya, uelekee magurudumu, maana hushika vema zaidi. Apake gundi ya ngozi, aweke karatasi juu na chini, abane kiungo kati ya vibao viwili, akiache hata kesho yake. Kulabu za chuma huunganisha kwa dakika chache, lakini hugonga kila zipitapo juu ya gurudumu, na mgongo huo waweza kuonekana juu ya kazi iliyo laini. Haraka haina baraka.

Ngozi isipopatikana, wako mafundi wanaotumia ukanda mpana wa mpira wa injini ya gari, wakiuunganisha vilevile kwa gundi. Upande usio na mifereji ndio unaogusa magurudumu.

Mwisho, akaze, lakini kwa kiasi. Hapa ndipo vijana wengi hukosa. Waona ukanda wateleza, wanaukaza kwa nguvu zote, au wanaupaka utomvu unatao. Ukanda uliokazwa mno huzichosha beringi na kuzitia moto. Tena kisu kikikwama ndani ya chuma, ukanda wenye kiasi huteleza, na kuteleza huko kwaweza kuyaokoa meno ya gia. Ukiteleza katika kazi nyepesi, kwanza ufutwe mafuta ya mashine. Ndipo mota irudishwe nyuma kidogo. Wazazi nanyi mwajua: mtoto aliyeachwa ovyo haendi, na aliyebanwa mno huvunjika.

Papa Pio XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, mwaka 1955. Injili haikuandika hata neno moja la Yosefu. Yatuambia ya kuwa alikuwa fundi. Basi, kijana, kiungo chako kikipita juu ya gurudumu bila sauti, usihuzunike kwamba hakuna akionaye. Ndiyo sifa yake.

Fundi wenu