Kipakatalishi kidogo si takataka

Wasomaji wangu, leo nina jambo moja tu: acheni kutupa vipakatalishi vidogo eti kwa sababu Windows imevikataa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Sasa chukua zile mashine za inchi 11 zenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Zitaenda wapi? Muuzaji atakuambia ununue mpya. Mimi nasema mashine ni nzima, kilichokwisha ni programu.

Tena tusisahau kwamba mashine ndogo zilianza na Linux. Asus ilipotoa Eee PC 701 mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7, RAM ya MB 512 na hifadhi ya GB 4, na uzito wake haukufika kilo moja. Ndani yake mlikuwa na Xandros, aina mojawapo ya Linux. Windows Vista ilikuwa nzito mno kwa mashine kama hiyo, kwa hivyo mwaka 2008 Microsoft ikalazimika kurefusha maisha ya XP kwa ajili ya kompyuta ndogo. Kidogo kililisukuma jitu!

Mimi natumia mashine ya RAM GB 2 yenye Debian na LXQt. Naandika msimbo, naingia kwenye seva kwa SSH, naandika nyaraka. Nimewasha pia zram, ambayo hubana data ndani ya RAM ili nafasi iongezeke. Mwenye mashine dhaifu zaidi ajaribu antiX. Anayependa kudadisi ajaribu Haiku, mrithi wa BeOS, ambayo ilifikia beta ya 5 mnamo Septemba 2024.

Lakini nisiwadanganye. Mfumo mwepesi haufanyi tovuti ziwe nyepesi. Fungua tabo kumi uone kivinjari kitakavyoila hiyo RAM. Pili, prosesa za biti 32, kama Atom N270 ya mwaka 2008, zinafungiwa milango. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Tatu, kadi nyingine za Wi-Fi ni sumbufu. Kwa hivyo weka mfumo kwenye flashi, uwashe mashine kutoka humo, ujaribu Wi-Fi, sauti na kioo kabla hujafuta chochote. Na nakili faili zako kwanza!

Kuna watakaosema, "Si nibaki tu na Windows 10, bado inawaka?" Inawaka, ndiyo. Lakini mfumo usiozibwa matundu ya usalama ni nyumba isiyo na komeo, nawe ndimo unamoweka nywila za barua pepe na za benki. Uamuzi hapa si kati ya Linux na Windows. Ni kati ya Linux, hatari na jaa la taka.

Wengine husema Linux si ya watu wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, huko Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hii ni kazi yetu pia.

Kinachoniuma zaidi ni mwanafunzi. Anayetaka kujifunza Python hahitaji mashine ya maelfu ya shilingi. Anahitaji ile iliyolala kabatini kwa mjomba, flashi moja na jioni moja. Tukimwambia asubiri hadi apate mpya, tumemfungia mlango sisi wenyewe.

Basi fungua kabati lako wikendi hii. Kama ipo inayowaka, mpe mtu.