Haki ya Kumchagua Mhudumu

Uhaba wa huduma za nyumbani kwa watu wenye ulemavu nchini Marekani una mizizi katika Medicaid, yaani bima ya matibabu ya serikali kwa watu wa kipato kidogo iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo huyalazimu majimbo kugharimia makao ya uuguzi lakini huziacha huduma nyingi za nyumbani kuwa hiari. Ni kweli kwamba mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead, iliyohusu wanawake wawili wa Georgia waliobakizwa hospitalini ingawa wataalamu waliowatibu waliona kuwa wanaweza kuishi katika jamii, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumtenga mtu bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Hata hivyo, hukumu peke yake haimvishi mtu nguo asubuhi. Kazi hiyo ni ya mhudumu, na ndiyo maana mpango uliojaribiwa Arkansas, New Jersey na Florida, wa kumkabidhi mhitaji posho ili aajiri amtakaye, awe jirani au hata binti yake, una uzito wa pekee, kwa kuwa humrudishia mtu uamuzi wa nani amwogeshe na saa ngapi alale. Majimbo yanayowaweka watu kwenye orodha za kusubiri huku yakilipia vitanda vya makao hayana budi kuziacha fedha hizo zimfuate mhitaji hadi nyumbani kwake.