Mashauri ya Nyumbani: Haki Mbili za Askari Aliyejeruhiwa



Mwezi huu twataka kueleza habari ya askari waliokwisha kustaafu, nao wana vilema walivyovipata katika kazi ya vita. Habari hii si ngeni katika nchi zetu. Wazee wetu wengi waliingia katika jeshi la King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi na Burma katika vita ya 1939 hata 1945, na vita ilipokwisha bakshishi yao ilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya mtu. Lakini leo twachukua mfano wa Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, wapo vijana wa kwetu waliohamia huko wakaingia jeshini, na wazazi wao hupokea barua wasizozielewa. Pili, huko jambo hili limebishaniwa miaka mingi, nalo laonyesha wazi swali moja: Je, mtu aliyefanya kazi, akaumizwa katika kazi ile ile, anadai haki moja au haki mbili?

Askari wa Marekani akitumika miaka 20 apata pensheni, nayo ni malipo ya miaka yake. Hupimwa kwa mshahara aliokuwa nao na kwa hesabu ya miaka aliyotumika. Tena, akiwa ameumia au ameugua kwa ajili ya utumishi, Idara ya Askari wa Zamani humpa fidia kila mwezi. Fidia hii haitazami miaka. Hutazama kilema, nacho hupimwa kwa sehemu za mia, tangu 10 mpaka 100. Basi pensheni ni ujira wa kazi, na fidia ni badala ya afya iliyopotea. Hivi ni vitu viwili.

Lakini tangu mwaka 1891 sheria ilikataza mtu kupokea vyote viwili. Baadaye aliruhusiwa kuchukua fidia, kwa sharti kwamba kila dola ya fidia iondoe dola moja ya pensheni. Tutoe mfano wa hesabu. Mtu mwenye pensheni ya dola 2,000 na fidia ya dola 1,200 alikatwa 1,200 katika pensheni yake, akabaki na 800. Akijumlisha, ni 2,000 zile zile. Faida yake ilikuwa kwamba fidia haitozwi kodi. Kwa maneno mengine, askari alijilipa mwenyewe fidia ya mguu wake kutoka katika ujira wake.

Waliotetea sheria ile walisema si halali mtu kulipwa mara mbili kwa utumishi mmoja. Lakini tazameni. Askari aliyeumia, akaliacha jeshi mapema, kisha akawa karani wa serikali mpaka akastaafu, alipokea pensheni ya ukarani na fidia ya jeraha, zote mbili kamili. Mwenzake aliyevumilia jeshini miaka 20 na jeraha kama lile lile ndiye aliyekatwa. Hapo twaona kwamba aliyekaa zaidi katika hatari ndiye aliyepunguziwa, na kila mtu mwenye akili atatambua kwamba mizani haikuwa sawa.

Sheria ile ilidumu zaidi ya miaka 100. Ndipo Bunge la Marekani likafungua njia mbili, na yafaa jamaa za askari wazijue kwa kuzitofautisha.

Njia ya kwanza huitwa kwa herufi CRDP, nayo ilianza tarehe 1 Januari 2004. Ni ya aliyetumika miaka 20 au zaidi, na kilema chake kimepimwa 50 au zaidi katika mia. Huyu hurudishiwa pensheni yake iliyokatwa. Kwa watu wengi haikurudishwa mara moja, bali kidogo kidogo kwa muda wa miaka 10, hata ikatimia mwaka 2014. Njia hii haina haja ya kuombwa, wala haiulizi kama kilema kilitoka vitani. Lakini fedha zake hutozwa kodi, maana ni pensheni.

Njia ya pili huitwa CRSC, nayo ndiyo fidia maalumu ya kilema cha vita. Sheria yake ilitiwa sahihi mwaka 2002, na malipo yakaanza Juni 2003. Mwanzoni ilikuwa ya watu wachache. Mwaka 2004 ikapanuliwa, ikatosha kilema cha vita cha 10 katika mia. Tangu tarehe 1 Januari 2008 waliingizwa pia wale waliostaafishwa kwa ajili ya afya kabla ya kutimiza miaka 20. Fidia hii haitozwi kodi. Tena, kwa kuwa si pensheni, mahakama haiigawanyi mume na mke wakiachana, wala haimwendei mjane mumewe akifa. Lakini yapo mambo mawili ya kuangaliwa sana. La kwanza, haiji yenyewe. Mwenye haki hana budi kuiomba kwa maandishi katika jeshi alilotumikia. La pili, huhesabu sehemu ya kilema iliyotoka vitani tu, wala si kilema chote.

Basi ni kilema gani kihesabiwacho kuwa cha vita? Cha kwanza ni kile kilichopatikana katika mapigano yenyewe, kama cha askari aliyepewa nishani ya Purple Heart kwa kujeruhiwa na adui. Cha pili ni cha kazi ya hatari, kama kuruka kwa mwavuli kutoka katika ndege, au kutegua mabomu. Cha tatu ni cha mazoezi yaliyofanana na vita. Cha nne ni kilicholetwa na chombo cha vita, kama kifaru au kemikali ya kivita. Kwa hiyo askari aliyevunjika mgongo katika mazoezi ya mwavuli nchini kwake aweza kukubaliwa, na mwenzake aliyevunjika mguu akicheza mpira kambini Irak asikubaliwe. Hawaulizi tu, Ulikuwa wapi? Huuliza, Nini kilikuumiza? Na jibu hutakiwa katika hati za hospitali na za jeshi, si kwa maneno matupu.

Mtu hawezi kupokea kwa njia zote mbili pamoja. Akistahili zote, kila mwaka hupewa nafasi ya kuchagua. Hapa twawashauri mume na mke waketi pamoja na kalamu na karatasi, wakafanye hesabu, maana fedha nyingi zenye kodi pengine huwa kidogo kuliko fedha chache zisizo na kodi.

Sasa twafika penye uchungu wa habari hii. Wako askari walioumizwa vibaya wakiwa vijana, wakastaafishwa kabla ya miaka 20 kwa sababu mwili haukuweza tena. Kwao fidia ya CRSC ina mpaka: hairudishi zaidi ya pensheni iliyochumwa kwa miaka, yaani sehemu mbili na nusu katika mia ya mshahara kwa kila mwaka. Tuseme kijana ametumika miaka 6, na mshahara wake wa hesabu ni dola 3,000. Miaka yake 6 yampa sehemu 15 katika mia, ndiyo dola 450. Kwa ajili ya kilema kikubwa pensheni yake iliandikwa 2,250, na fidia ya Idara ni 3,000. Pensheni yote yakatwa, na CRSC yamrudishia 450 tu. Hakuacha jeshi kwa kupenda. Risasi au bomu ndilo lililomtoa. Hata hivyo miaka ambayo jeraha lilimnyang'anya ndiyo inayompunguzia malipo.

Ili kuondoa neno hili ulitungwa mswada uitwao kwa jina la Meja Richard Star, mhandisi wa jeshi la akiba. Alikufa Februari 2021 kwa saratani ya mapafu, iliyohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka penye kambi za vita. Mswada huo wawahusu watu zaidi ya 50,000. Katika Bunge lililokwisha Januari 2025, wawakilishi zaidi ya 300 na maseneta zaidi ya 70 waliuunga mkono kwa majina yao, lakini Bunge likafungwa haujawa sheria, nao ukaletwa upya mwaka 2025. Kizuizi kikubwa ni gharama, mabilioni ya dola. Sisi twasema, wahenga hawakukosea waliponena, Dawa ya deni ni kulipa. Deni halifutiki kwa kuwa kubwa.

Lakini isidhaniwe kwamba kudai hakufai kitu. Simon Soto alikuwa askari wa Marine, na kazi yake huko Irak ilikuwa kutafuta na kutunza miili ya waliouawa. Mwaka 2006 alistaafishwa kwa ajili ya afya, naye alikuwa na maradhi ya akili yaliyotokana na mambo ya kutisha aliyoyaona. Hakuomba fidia ya CRSC mpaka mwaka 2016. Akakubaliwa, lakini akaambiwa kwamba malipo ya nyuma hayapiti miaka 6, hivyo akahesabiwa tangu 2010, si tangu 2008. Akashtaki kwa ajili yake na kwa ajili ya maelfu wenziwe. Alishinda katika mahakama ya kwanza, akashindwa katika ya pili, na tarehe 12 Juni 2025 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa neno moja kwamba mpaka ule wa miaka 6 haukuihusu fidia hii.

Basi katika habari hizi tuchukue mashauri matatu ya nyumbani.

Kwanza, tunzeni hati. Cheti cha kuachishwa kazi, barua ya mganga, karatasi ya ajali, vyote vitiwe mahali pamoja, pasipofika mchwa wala mvua, na mke ajue zilipo. Aliyeumia leo ataulizwa baada ya miaka 10, na mashahidi wake watakuwa wamekwisha kutawanyika.

Pili, ombeni mapema, hata kwa majeraha yasiyoonekana. Masikio yanayolia kwa ajili ya mizinga, na usingizi unaokatika kwa hofu, ni majeraha pia. Mwenye mguu uliokatwa huonewa huruma na wote. Mwenye ndoto mbaya huitwa mkali au mvivu, na pengine na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Tatu, ninyi walimu, mzee akiwaletea barua ya serikali, msimsomee haraka na kumrudishia. Mwelezeni ni haki gani inayosemwa, ni siku gani ya mwisho, na ni hati gani inayotakiwa. Kisha mwandikieni jibu, mkamsomee tena kabla hajatia kidole chake. Wako watu waliokosa haki zao kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kuwaandikia.

Na sisi sote tusimwambie mlemavu, Shukuru kwa hicho ulichopewa, kana kwamba fidia ni sadaka. Sadaka hutolewa kwa huruma, na mtoaji aweza kuizuia. Ujira na fidia ni vya mwenyewe, kila kimoja peke yake.