Masomo ya Redioni Hayakupanda Wusi

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni, lakini ukweni kwangu ni Wusi, huko milimani Taita, juu ya Mwatate. Mke wangu ni Mdawida, na shamba aliloachiwa na marehemu baba yake ndiko twendako kila masika kupanda mahindi na maharagwe. Mwezi wa Machi mwaka 2020 tulikwenda kama ada. Hatujamaliza hata kupanda, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza, Jumapili ya tarehe 15, kwamba shule zote nchini zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Za kutwa zikafungwa kesho yake, za bweni zikapewa mpaka Jumatano. Mwanangu akatuletea wajukuu wawili, msichana wa darasa la nane na mvulana wa gredi ya pili. "Baba," akaniambia, "wakae nanyi wiki mbili tatu, huko hewa ni safi." Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na hizo wiki mbili tatu zikawa miezi mitatu.

Malori ya kabichi na nyanya kutoka Wundanyi yaliendelea kuteremka mpaka soko la Kongowea, maana chakula ni cha lazima. Kabichi ilikuwa na ruhusa ya kuingia Mombasa. Mimi mwenye mji sikuwa nayo.

Nataka nieleweke. Silaumu kufungwa kwa shule. Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba maradhi ya kuambukiza yakiwa katika nchi asiingie aliye nje wala asitoke aliye ndani, agizo hilo la Mtume wetu (S.A.W.) twalijua tangu utotoni, na twajua jinsi Sayyidna Umar alivyolifuata alipogeuza safari yake ya Sham. Misikiti yetu ilifungwa, Ramadhani ile tukasali tarawehe majumbani, na Mji wa Kale wa Mombasa ukazungushiwa vizuizi mwezi wa Mei. Tulivumilia. Nililonalo moyoni ni jingine. Ni lile neno tuliloambiwa kila siku, kwamba shule zimefungwa lakini masomo yanaendelea.

Yaliendelea wapi? Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilitayarisha vipindi vikarushwa na redio ya KBC, katika Idhaa ya Taifa na ile ya Kiingereza, na katika televisheni, na mengine yakawekwa katika intaneti. Sikatai kwamba walifanya bidii, na waliosomesha redioni walisomesha vizuri. Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa imehesabu watu mwaka mmoja tu kabla, 2019, na katika hesabu yake ilionekana kwamba kati ya nyumba mia za Kenya, zenye redio hazikuzidi 57, zenye televisheni kama 41, zenye intaneti hazikufika 20, na zenye kompyuta hazikufika hata kumi. Hesabu hizo zilikuwa mezani. Aliyeamua kwamba mtoto wa Kenya atasomea kwa vyombo hivyo alijua, au alipaswa kujua, ni watoto gani atakaowaacha nje.

Sasa njoo Wusi. Juu kabisa ya milima ya Taita kuna kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, na huko kumesimamishwa milingoti ya matangazo. Mtu atadhani walio chini yake wanasikia kuliko wote. La hasha. Sauti huruka juu ya vichwa vya watu ikenda zake tambarare, na aliye nyuma ya tuta la mlima husikia mkwaruzo tu. Nyumbani kwetu redio ilisema vizuri ikiwekwa dirisha la jikoni, na wakati wa ukungu hata hapo haikusema. Mjukuu wangu mdogo aliketi mbele yake kwa adabu siku tatu za mwanzo, na daftari lake magotini. Siku ya nne akamwuliza mwalimu wa redioni swali. Alinyosha mkono kabisa, maskini, akauliza kwa sauti, kisha akangoja. Alipoona mwalimu aendelea tu na maneno yake, akafunga daftari akatoka kwenda kuchunga mbuzi na wenziwe.

Dada yake alisoma shule ya kulipia huko Mombasa, nayo ilikuwa na mipango mikubwa zaidi. Walisomeshwa kwa Zoom, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, na karo ikadaiwa kama kawaida. Simu ilikuwa yangu. Mtandao wa Wusi hupatikana juu ya jiwe moja kubwa lililo karibu na njia ya mtoni, nasi tukawa twapanda jiwe hilo kila asubuhi, mimi na mwavuli, yeye na simu na kitabu. Bando la shilingi hamsini likimalizika kabla ya somo la pili. Picha ya mwalimu huganda mdomo wazi, sauti ikakatika, na ikirudi wenzake wa Nyali na Kizingo wamekwisha kujibu. Mara moja mwalimu alimwuliza kwa nini haonekani. Akasema, "Niko juu ya jiwe, mwalimu." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hakutaka kupanda tena, nami sikumlazimisha.

Hata hivyo huyo wetu alikuwa tajiri wa kijiji. Jirani yetu alikuwa na kijana wa darasa la nane pia, wa shule ya serikali hapo hapo, mwepesi mno wa hesabu. Kwao kulikuwa na simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, na redio iliyokuwa ikingoja betri. Tangu tarehe 16 Machi mpaka Oktoba hakuna mwalimu aliyemwuliza habari zake. Na walimu hawakuwa mbali; waliokuwa wenyeji wa hapo tuliwaona mashambani mwao kila siku wakipalilia. Siwasengenyi. Walimu walioajiriwa na serikali walilipwa mishahara yao wakiwa nyumbani, na kwa haki, lakini hawakupewa kazi yoyote ya kufanya. Wale wa shule za kulipia wengi walikatiwa mishahara kabisa, na tuliwaona wengine wakiuza mboga.

Nitakuelezeni jambo lililonifungua macho. Chuo chao cha Kurani huko Mombasa nacho kilifungwa, na maalim wao ni mtu wa kawaida, hana kompyuta, hana Zoom. Wiki ya pili ya kufungwa, baada ya Laasiri, simu ikalia. Ni yeye. Akasema, "Mzee, nipe yule mdogo." Akamsikiliza sura aliyomwachia, akamsahihisha makhraji mawili matatu, akamgombeza kidogo, akampa aya nyingine, akaniombea dua, akakata. Dakika kumi. Kisha akampigia mtoto mwingine. Alifanya hivyo karibu kila siku isipokuwa Ijumaa, kwa vocha yake mwenyewe mpaka tulipojua tukaanza kumtumia chochote. Simu ya aina ile hata jirani yetu alikuwa nayo. Mtandao haukuhitajika, wala jiwe. Mvulana ambaye redio ilimshinda kwa siku nne alifika Julai amehifadhi nusu ya juzuu ya Amma, na ilipokaribia Laasiri ungemwona akiwakimbiza mbuzi zizini mapema, kwa kuwa yuko mtu anayemngoja.

Basi nasema, umbali wenyewe si kitu kigeni kwetu. Watu wa pwani tumesomeshana kwa mbali zamani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, hapo Mombasa, alikuwa akiwasomesha watu waliokuwa majumbani na madukani mwao, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua barazani. Wazee wetu walipoisikiliza Sauti ya Mvita miaka ya hamsini, hawakusikiliza mmoja mmoja. Redio moja ilikuwa na baraza nzima, na kilichosemwa kilijadiliwa mpaka kahawa ikaisha. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na vipindi vya shule vya Sauti ya Kenya. Lakini tulikuwa darasani! Mwalimu alifungua redio kwa wakati wake, tukasikiliza, akaifunga, akauliza: "Haya, amesemaje?" Redio ilikuwa msaidizi wa mwalimu. Mwaka 2020 msaidizi aliachiwa shule peke yake, mwalimu akapalilia mahindi.

Kuna na mambo ya vishikwambi. Wasomaji wanakumbuka ahadi ya mwaka 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Tangu 2016 serikali iligawa vyombo hivyo, zaidi ya milioni moja, katika shule za msingi za umma nchi nzima. Korona ilipokuja, ndio wakati wake hasa. Vilikuwa wapi? Vilikuwa ndani ya stoo zilizofungwa makufuli, vikilindwa na askari wa usiku, na watoto vilivyonunuliwa kwa ajili yao wako nje ya ua. Nilimwuliza mkuu mmoja kama haiwezekani kuwaazima watoto wa darasa la nane hata kwa zamu. Akanijibu kwamba vikipotea atalipa yeye. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu alisema kweli.

Mwezi wa Agosti wakubwa walikuja na mpango wa walimu kuwafundisha watoto vijijini, katika makundi madogo, chini ya miti. Mimi niliufurahia. Ulikuwa mpango wa chuo cha Kurani, waama. Duara, mwalimu katikati, na mkubwa amsaidia mdogo. Lakini ulikuja umechelewa miezi mitano, haukuelezwa vizuri, wazazi wakauogopa, ukapelekwa mahakamani ukasimamishwa. Wenzetu wa Uganda, waliofunga shule karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022, angalau walijaribu kuchapisha vijitabu vya masomo vipelekwe majumbani. Najua havikumfikia kila mtoto. Lakini karatasi haihitaji jiwe la kupanda, na yale malori ya kabichi yalikuwa yakirudi kutoka Kongowea matupu kila siku.

Tarehe 7 Julai barabara ya Mombasa ilifunguliwa. Siku hiyo hiyo Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, watoto watarudi Januari na mtihani hautakuwako. Nilikuwa nafunga mizigo. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, umepotea vipi, na mimi nilikuwa nasoma?" Kisha Oktoba uamuzi ukabadilika, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakaitwa tarehe 12, waliobaki wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Mtihani wa darasa la nane ukafanywa Machi 2021. Watoto wote wakaukalia karatasi moja: aliyesoma Zoom kitandani Nyali, aliyesoma juu ya jiwe, na asiyesoma kabisa. Baadaye mihula ikafupishwa miaka miwili mfululizo ili kalenda irudi mahali pake, na aliyeachwa nyuma akakimbizwa zaidi kuliko aliyetangulia.

Kijana wa jirani yetu hakurudi Oktoba. Alikuwa amekwenda na wakubwa zake kwenye machimbo ya vito huko tambarare, na alipoonja pesa, na babake alipozioanisha na deni la duka, shule ikawa hadithi. Wasichana wawili wa kijiji hawakurudi pia, na sababu zao hazihitaji kuandikwa gazetini.

Wengine wataniambia haya yamepita, nayarudia ya nini. Nayarudia kwa kuwa mwaka 2024 mafuriko yalipoahirisha ufunguzi wa shule, kutoka mwisho wa Aprili mpaka tarehe 13 Mei, mimi nilikuwa Wusi tena, na sikuona mwalimu akipiga simu, wala karatasi, wala kishikwambi kikitolewa stoo. Watoto walikuwa na mbuzi wao kama mwaka 2020. Ningependa kila shule ya msingi, ya Wusi na ya Lamu na ya Vanga, iwe na daftari moja tu lenye jina la kila mtoto, namba ya simu ya nyumbani kwao au ya jirani, na jina la mwalimu atakayempigia shule ikifungwa. Ningependa pia iandikwe wazi na Wizara kwamba mkuu wa shule akiazima kishikwambi kwa idhini hatalipishwa. Gharama ya hayo haifiki hata ya semina moja ya hotelini.

Mwezi huo wa Mei nilishuka Mwatate kwa pikipiki. Mwenye kuiendesha alinitazama sana kabla hajawasha. Alikuwa yule kijana. Tukaenda kimya mpaka lami, kisha akaniuliza mjukuu wangu yuko wapi, nikamwambia yuko kidato cha nne, ana mtihani mwisho wa mwaka. Akasema daftari la hesabu alilomwazima zile siku za korona bado analo, na kwamba alifika nalo mpaka kwenye sehemu ya asilimia. Nikamwuliza kwa nini hakuendelea. Akapunguza mwendo kupisha lori la kabichi, akasema, "Baada ya hapo, mzee, kurasa zilikuwa tupu. Ndipo mlipoondoka."