Haki ya matibabu ya mzee isiishie kwenye mpaka wa halmashauri

Ardhi ya miteremko ya Mlima Meru haitoshi tena. Kihamba cha Nkoaranga kilicholisha nyumba moja kwa migomba na kahawa leo kimegawanywa kwa watoto watatu au wanne. Wengine wamekwenda kulima Babati, Simanjiro na Kiteto, na wengine wamefungua biashara Arusha mjini. Nguvu zikipungua, au mwenzake akifariki, mzee huwafuata watoto huko. Anabeba nguo zake, blanketi na dawa za presha. Kitu kimoja mara nyingi hubaki nyuma: haki yake ya kutibiwa bila malipo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msimamo wa Serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya umma. Sera hiyo ni ya taifa zima. Lakini kazi ya kuwatambua wazee, kuandika majina yao na kuwapa vitambulisho imekuwa ya halmashauri. Matokeo yake, mzee aliyeorodheshwa Meru akifika dirishani katika wilaya nyingine anaweza kuulizwa anatoka wapi na nani anamtambua. Mtendaji wa kijiji alikohamia hamjui, na barua inachelewa huku mgonjwa amekaa kwenye benchi.

Tatizo hili si geni. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga miaka ya 1990 na kupewa sheria yake mwaka 2001, ulijengwa wilaya kwa wilaya. Kaya ilichangia kwao na kutibiwa kwao. Mwaka 2018 mfuko huo ulipoboreshwa, kaya ya watu hadi sita katika mikoa mingi ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka, na huduma zikaanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hiyo ilikuwa hatua nzuri kwa mkulima wa Nkoaranga anayepewa rufaa kwenda Mount Meru. Lakini Babati, Simanjiro na Kiteto ziko Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ndugu ni wale wale, mpaka ndio mpya.

Linganisha na mwalimu mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Yeye na mwenzi wake wanaendelea kuhudumiwa baada ya kustaafu, na kadi yao inapokewa katika vituo vilivyosajiliwa na mfuko huo nchi nzima. Aliyepeleka kahawa yake chama cha msingi kwa miaka 40 hakuwa na mwajiri wa kumkatia mchango. Hatuoni kwa nini naye afungwe na mpaka.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja wasomaji wetu. Mzee akikosa huduma, bili inakwenda kwa mwanawe. Mfanyabiashara mdogo wa Tengeru anachomoa mtaji wa duka, mkulima anauza ng'ombe wa maziwa au anauza mahindi shambani kabla bei haijapanda. Kaya inayumba si kwa ukame wala kwa bei, bali kwa kukosa karatasi.

Hata Marekani wamekutana na jambo hili. Medicare, iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, ni ya taifa, na bima yake ya msingi humfuata mzee anapohama jimbo. Medicaid, ya wenye kipato kidogo, huendeshwa na kila jimbo, hivyo anayehama hulazimika kuomba upya. Funzo ni kwamba haki iliyoandikwa katika daftari la taifa huhama na mwenyewe.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunaishauri Serikali ihakikishe kwamba katika utekelezaji wake mzee asiye na uwezo anatambuliwa mara moja tu, kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, na kutambuliwa huko kuheshimiwe kuanzia zahanati ya kijiji chochote. Halmashauri nazo zidaiane zenyewe kwa zenyewe, zisimdai mgonjwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, familia zisikae tu. Kabla mzee hajahama, achukue barua ya mtendaji wa kijiji chake, kitambulisho cha mzee kama anacho, na nakala ya maelezo ya matibabu yake. Akifika, apelekwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa akiwa bado mzima, asisubiri augue. Akikwama hospitalini, aulizie afisa ustawi wa jamii. Ikumbukwe pia kuwa msamaha huu ni wa vituo vya umma. Katika hospitali za dini, kama ile ya Kilutheri ya Nkoaranga, ni vema kuuliza mapema utaratibu uliopo.

Mzee aliyelima nchi hii si mgeni katika wilaya yoyote ya nchi hii. Daftari la hospitali nalo liseme hivyo.